Gari la kuvuta tela la mifugo lipimwe kwa breki, si kwa nguvu pekee

MFUGAJI anayetafuta gari lililotumika kwa ajili ya kuvuta tela la mifugo huanza na swali moja: Lina nguvu? Dalali hujibu haraka kwamba injini ni ya dizeli, ujazo wake ni 3,000, magurudumu yote manne yanavuta na gari limeshuka bandarini juzi tu. Mazungumzo huishia hapo na bei huanza kutajwa.

Swali hilo si baya, lakini si la kwanza. Karibu kila gari lenye injini nzima linaweza kulitoa tela pale liliposimama na kulifikisha barabarani. Kazi ngumu ni kulisimamisha tela hilo likiwa limejaa, kwenye mteremko, mbele ya basi lililosimama ghafla.

Ni ukweli usiopingika kwamba mzigo wa mifugo si sawa na mzigo wa saruji au mahindi. Gunia likishapangwa linatulia. Ng'ombe anahama mguu, anamsukuma mwenzake na kuegemea upande mmoja gari linapokata kona. Uzito wote huo unamfikia dereva kupitia kiungo kimoja tu cha chuma kilicho nyuma ya gari.

Kwa mantiki hiyo, gari la kuvuta mifugo linapaswa kuchaguliwa kwa uwezo wake wa kushika mzigo na kuusimamisha. Nguvu ya kuvuta ifuate baadaye. Anayeanza na nguvu hujikuta amenunua gari linalopanda vizuri na kushuka kwa kudra za Mungu.

Barabara za Afrika Mashariki hazina huruma kwa kosa hilo. Anayetoa mitamba Iringa au Njombe kuipeleka Dar es Salaam lazima ashuke Kitonga. Anayetoka Singida kwenda Igunga anakutana na mteremko wa Sekenke. Nchini Kenya, madereva wanaijua miteremko ya Mai Mahiu na Salgaa kwa ajali zake. Kote huko, dereva anahitaji gari linalotii zaidi ya gari lenye mbio.

Hesabu ianze na uzito

Kabla ya kwenda yadi kutazama magari, mfugaji akae chini na kuandika uzito wa kile anachotaka kubeba. Kazi hii haigharimu kitu, lakini ni wachache wanaoifanya. Wengi hununua gari kwanza, kisha hutafuta tela la kulifungia, na mwisho huingiza wanyama kadiri nafasi inavyoruhusu.

Ng'ombe wa asili aina ya zebu ana wastani wa kilo 200 hadi 300. Ng'ombe wa maziwa aina ya Friesian aliyekomaa hufikia kilo 550 na hata kuzidi. Dume la Boran linaweza kuwa na kilo 500 hadi 800. Mbuzi wa kienyeji huwa na kilo 25 hadi 35. Farasi wa kupandwa, kama wale wa mbio wa Ngong jijini Nairobi au wa mashamba ya watalii mkoani Arusha, ana takriban kilo 500.

Tela lenyewe nalo si jepesi. Tela la chuma la kubebea ng'ombe wawili au farasi wawili, lenye ekseli mbili, linaweza kuwa na kilo 700 hadi 1,000 likiwa tupu. Yale yanayochomelewa na mafundi wa mitaani huwa mazito zaidi, kwa kuwa fundi huongeza chuma pale anapokuwa na wasiwasi.

Chukulia mfano wa mfugaji mwenye tela la kilo 800 anayetaka kubeba ng'ombe wawili wa Friesian wa kilo 550 kila mmoja. Akiongeza majani, maji na vifaa vya kilo 100, anapata jumla ya kilo 2,000. Hizo ni tani mbili nyuma ya gari, kabla dereva hajaketi kwenye usukani.

Wavutaji wa matela nchini Uingereza wana kanuni ya kukadiria ambayo inafaa kuigwa. Inasema kwamba mtu asiye na uzoefu asivute tela lenye uzito unaozidi asilimia 85 ya uzito wa gari likiwa tupu, na kwamba hata mzoefu asivute tela lililo zito kuliko gari lenyewe. Si sheria, lakini ina mantiki: Kilicho chepesi hakiwezi kumtawala kilicho kizito.

Kwa pikapu ya kabini mbili yenye kilo 1,900, asilimia 85 ni kilo 1,615. Ng'ombe wawili wa Friesian katika mfano wa juu wamezidi kipimo hicho. Lakini Friesian mmoja, zebu wawili, au dume moja la Boran la kilo 700 wanaingia bila wasiwasi. Farasi wawili, ambao pamoja na tela lao hukaribia tani mbili, wanahitaji gari zito zaidi.

Hesabu hiyo ya dakika tano inaweza kumwokoa mfugaji kwa njia mbili. Inaweza kumwonyesha kwamba anahitaji gari kubwa kuliko alilofikiria. Inaweza pia kumwonyesha kwamba gari dogo na la bei nafuu linamtosha, ilimradi akubali kwenda safari mbili badala ya moja.

Aidha, ikumbukwe kwamba tela halivutwi tu, bali pia linakandamiza. Sehemu ya uzito wake, ambayo kwa tela lililopangwa vizuri ni kama asilimia 5 hadi 10, hukaa juu ya kiungo na kubebwa na springi za nyuma za gari. Kwa tela la tani mbili, hizo ni kilo 100 hadi 200. Akiongeza abiria watano na magunia mawili ya pumba, mwenye pikapu anakuwa ameujaza uwezo wa gari lake bila kujua.

Chasisi ndiyo uti wa mgongo

Magari yanayouzwa yadi yana miili ya aina mbili. Kuna yale ambayo mwili umefungwa juu ya chasisi ya chuma inayotoka mbele hadi nyuma kama ngazi. Kuna na yale ambayo mwili wenyewe wa mabati ndio unaobeba kila kitu, bila chasisi ya peke yake. Magari mengi ya familia ni ya aina hii ya pili.

Kwa kazi ya kuvuta mifugo mizito, aina ya kwanza ndiyo inayofaa. Kiungo cha kuvutia kinafungwa kwenye chuma kinene kilichokusudiwa kubeba mzigo. Kwenye aina ya pili, mvuto wa kila siku hupita kwenye mabati yaliyounganishwa kwa nukta za kuchomelea, na baada ya muda nyufa huanza kuonekana mahali ambapo mwenye gari hapatazami.

Toyota Hilux, Land Cruiser za mfululizo wa 70, Land Rover Defender za zamani, Nissan Patrol na Isuzu D-Max zote zina chasisi. Jina peke yake, hata hivyo, lisimdanganye mnunuzi. Mitsubishi Pajero za miaka ya 1990 zilikuwa na chasisi ya peke yake, lakini toleo lililoanza kutoka mwaka 1999 lilibadilishwa na kuwa la mwili unaojibeba. Magari mawili yenye jina moja yanaweza kuwa vitu viwili tofauti.

Wapo watakaosema kwamba gari dogo la familia limeonekana mara nyingi likivuta tela na wala halijaanguka. Ni kweli limeonekana likienda. Halijaonekana likibadilishiwa giaboksi baada ya miezi sita, wala halijaonekana likisukumwa na tela lake kwenye mteremko uliolowa mvua. Mashahidi wa barabarani huona safari tu, hawaoni bili ya gereji.

Jambo jingine ni kwamba watengenezaji huweka kiwango cha uzito ambacho kila toleo linaruhusiwa kuvuta, na kiwango hicho hubadilika kwa injini, giaboksi na mwaka. Pikapu mbili za jina moja na rangi moja zinaweza kutofautiana kwa zaidi ya tani nzima. Mnunuzi achukue namba ya chasisi na aulize kwa wakala, au asome kitabu cha gari lenyewe, badala ya kutegemea maneno ya muuzaji.

Kwa magari yanayotoka Japani kuna ugumu zaidi. Huko, kuvuta tela lenye uzito unaozidi kilo 750 kunahitaji leseni ya peke yake, na magari mengi ya watu binafsi hayafungwi kabisa vifaa vya kuvutia. Gari linalofika Dar es Salaam au Mombasa huenda halijawahi kuvuta chochote. Hilo ni zuri kwa afya ya gari, lakini linamaanisha kwamba kiungo, nyaya za taa na pengine springi vyote vitagharamiwa na mnunuzi.

Injini, mwinuko na joto

Hapa ndipo suala la nguvu linapoingia, na lina mambo ambayo hayaandikwi kwenye tangazo la muuzaji.

La kwanza ni mwinuko. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, kwa sababu hewa ni nyepesi. Gari lililojaribiwa Dar es Salaam si lile lile likifika Makete kuchukua mitamba kwenye shamba la Kitulo, ambako mwinuko unapita mita 2,500. Huko, robo ya nguvu zake imebaki njiani. Mfugaji wa nyanda za juu, awe wa Njombe, Mbeya au Eldoret, ana sababu nzuri ya kutafuta injini yenye turbo.

Hata hivyo, turbo nayo ina masharti. Injini za dizeli za kisasa, zenye mfumo wa kunyunyiza mafuta kwa shinikizo kubwa, zinavuta vizuri na kula mafuta kidogo, lakini hazistahimili dizeli chafu au iliyochakachuliwa. Nozeli zikiharibika, gharama yake inaweza kumaliza faida ya ng'ombe kadhaa. Kwa mtu anayenunua mafuta kwenye mapipa ya kijijini, injini ya zamani isiyo na mambo mengi, kama 1HZ ya Land Cruiser au 5L ya Hilux, bado ni chaguo la busara ingawa ni ya polepole.

Swali la kujiuliza ni hili: Gari likiharibika siku ya mnada, fundi aliye karibu anaijua injini hiyo? Spea zake zinapatikana wilayani, au lazima zisubiriwe kutoka Kariakoo? Ng'ombe waliosimama juani ndani ya tela hawawezi kusubiri basi la kesho asubuhi.

La pili ni joto. Kuvuta mlimani kwa mwendo mdogo ndiyo kazi inayochemsha gari kuliko zote, kwa kuwa injini inafanya kazi kubwa huku upepo unaopita kwenye rejeta ukiwa mdogo. Injini zenye silinda hedi ya aluminiamu hazisamehe: Zikichemka mara moja, hedi inaweza kupinda au kupasuka. Rejeta safi, feni inayofanya kazi na mipira isiyochoka ni muhimu kuliko rangi inayong'aa.

La tatu ni giaboksi. Giaboksi ya kawaida ya kubadili kwa mkono ni rahisi kutengenezwa, na humpa dereva uhakika wa kubaki kwenye gia ndogo anaposhuka. Giaboksi ya otomatiki si mbaya kwa kuvuta, na hurahisisha kuondoka mlimani, lakini mafuta yake hupata joto kali. Anayenunua ya otomatiki ahakikishe ina kipoozeo cha mafuta na kwamba mafuta hayo hayana rangi nyeusi wala harufu ya kuungua.

Breki na kiungo: Hapa ndipo uhai ulipo

Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa halihitaji breki mara mbili ya lile la kilomita 40, bali mara nne. Ndivyo nguvu ya mwendo inavyoongezeka. Tela la tani mbili lisilo na breki zake lenyewe linaziachia breki za gari kazi yote, na breki hizo zilitengenezwa kwa ajili ya gari na mzigo wake tu.

Ulaya, tela lenye uzito wa jumla unaozidi kilo 750 lazima liwe na breki zake. Kipimo hicho kingefaa kuwa kanuni ya kila mfugaji, hata pale ambapo hakuna askari wa kuuliza. Kilo 750 ni karibu uzito wa tela tupu. Kwa maana hiyo, hakuna tela la ng'ombe au farasi wakubwa linalostahili kuwa barabarani bila breki.

Aina inayofaa zaidi kwa wafugaji wadogo ni ile inayofanya kazi kwa kusukumwa: Gari linapopunguza mwendo, tela linasukuma kiungo, na msukumo huo unavuta breki za tela. Haihitaji umeme wala mafuta kutoka kwenye gari. Inahitaji kupakwa grisi na kurekebishwa mara kwa mara, kazi ambayo fundi wa kawaida anaiweza.

Kiungo cha kuvutia nacho kifungwe kwa bolti nene kwenye chasisi, pande zote mbili. Kukichomelea kwenye bampa ni kucheza na maisha. Mpira wa chuma ulingane na kikombe cha tela. Wa milimita 50 ndio uliozoeleka, lakini yapo matela yenye kikombe kikubwa zaidi. Kikombe kikubwa juu ya mpira mdogo hukaa vizuri hadi kwenye shimo la kwanza.

Minyororo miwili ya usalama ipitishwe chini ya kiungo kwa kukatishana, ili kiungo kikikatika ncha ya tela ishikwe kabla ya kuchimba lami. Taa za tela nazo zikaguliwe, kwa kuwa baadhi ya magari ya dizeli hutumia umeme wa volti 24 huku matela mengi yakiwa na taa za volti 12. Akiunganisha bila kujua, mwenye gari ataunguza balbu usiku wa safari ya kwanza.

Vipimo viko vitatu: kile cha gari, kile cha kiungo na kile cha tela. Kidogo kuliko vyote ndicho kinachotawala. Haisaidii gari kuweza kuvuta tani tatu wakati kiungo kinashika tani moja na nusu.

Ukaguzi kabla ya kulipa

Kununua gari la kazi kwa kulitazama kwa juu ni sawa na kununua mbuzi ndani ya gunia. Mnunuzi aende na fundi asiye na uhusiano na muuzaji, na waanzie chini ya gari.

Chasisi igongwe kwa nyundo ndogo kutoka mbele hadi nyuma. Sauti ya chuma kizima ni kali, ile ya chuma kilicholiwa na kutu ni butu. Magari yaliyotumika kaskazini mwa Japani hupita kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa theluji, na chumvi hiyo hula chuma kimyakimya. Rangi mpya nyeusi iliyopakwa chini ya gari isimpe mnunuzi furaha. Aulize inaficha nini.

Alama za kuchomelea karibu na springi za nyuma, mashimo ya bolti yaliyopanuka au chuma kilichopinda nyuma ya gari huonyesha kwamba gari limevuta au kubeba kupita kiasi. Mita ya kilomita isitegemewe sana, kwa kuwa inaweza kurudishwa nyuma. Pedali zilizolika, usukani uliong'aa na kiti kilichobonyea husema ukweli zaidi.

Injini iwashwe ikiwa baridi. Muuzaji aliyeiwasha kabla mnunuzi hajafika aombwe gari lipoe, au mnunuzi arudi kesho. Moshi wa bluu ni dalili ya kuungua kwa oili. Moshi mweusi mwingi unaonyesha mafuta yanayozidi hewa. Moshi mweupe usiokoma baada ya injini kupata moto unaweza kuwa maji yanayoingia kwenye silinda. Utando mweupe kama maziwa kwenye kifuniko cha oili, au oili ndani ya rejeta, ni sababu ya kuondoka.

Klachi hupimwa kwa kuweka gia ya tatu gari likiwa limesimama na hendibreki imevutwa, kisha kuiachia taratibu. Injini ikizimika, klachi bado inashika. Ikiendelea kunguruma, imekwisha. Gia ndogo za magurudumu manne zijaribiwe kwenye udongo, kwa kuwa msimu wa masika ndipo zitakapohitajika kutoa tela lililokwama.

Matairi yasomwe tarehe. Ubavuni kuna namba nne: 1519, kwa mfano, ni wiki ya 15 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata nzuri lakini lenye umri mkubwa linaweza kupasuka chini ya mzigo na jua.

Mwisho, gari lijaribiwe likiwa na mzigo. Magunia matano ya mahindi ya kilo 100 yanatosha kwa pikapu. Lipandishwe mlima, lishushwe, lisimamishwe katikati ya mteremko na kuondolewa tena huku sindano ya joto ikiangaliwa. Muuzaji anayekataa jaribio hilo kwa gari analolisifia kwa nguvu, amekwishajibu swali.

Hesabu za mfukoni

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Bei ya gari ni sehemu tu ya gharama. Ni vyema mnunuzi asitumie fedha zote yadi. Akitenga angalau moja ya tano ya bajeti kwa ajili ya breki, matairi, kiungo, oili na bima, atakuwa na gari linalofanya kazi wiki ya kwanza badala ya gari linalosubiri fedha.

Sheria za umri nazo zinaingia kwenye hesabu. Kenya hairuhusu kuingiza magari yaliyotumika yenye umri unaozidi miaka minane, na Uganda ilipiga marufuku yale yanayozidi miaka 15 mwaka 2018. Anayetaka gari la zamani lenye injini rahisi huenda akalazimika kulitafuta miongoni mwa yale ambayo tayari yamo nchini, ambayo yameshazijua barabara za vumbi. Ukaguzi hapo uwe mara mbili.

Tela nalo ni chombo kinachosajiliwa na kuwa na namba yake. Kabla ya safari ya kwanza, mwenye mali aulize kampuni ya bima kama hati yake inagusa gari linapovuta, na kama wanyama waliomo wanahesabiwa. Wengi hugundua baada ya ajali kwamba walikata bima ya gari peke yake.

Vilevile, mfugaji ajiulize kwa uaminifu kama anahitaji kununua. Anayesafirisha ng'ombe wawili kila baada ya miezi mitatu hana sababu ya kufungia mtaji wake kwenye gari na tela. Kukodi kutamgharimu kidogo. Lakini anayepeleka wanyama mnadani kila wiki, iwe Pugu, Meserani au Weruweru, au anayehamisha mitamba yenye mimba isiyotakiwa kubanwa kwenye lori refu, tela litamlipa. Wafugaji watano wa ushirika mmoja wanaweza kununua kwa pamoja gari ambalo kila mmoja peke yake asingeliweza.

Faida ya kuchagua vizuri huonekana kwenye mizani ya mnada. Mnyama anayesafiri kwa kuyumbishwa na kusimamishwa ghafla hupoteza uzito na kupata michubuko, na mnunuzi wa nyama huona. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inayotaka wanyama wasiteswe, safarini pia. Lakini hata bila sheria, ng'ombe aliyefika akiwa ametulia ana bei nzuri kuliko aliyefika akiwa amelala chini.

Vyama vya akiba na mikopo vinavyowakopesha wafugaji fedha za magari vina nafasi ya kusaidia. Badala ya kudai kadi ya gari na picha mbili tu, vingeweza kudai karatasi moja zaidi: uzito wa tela lililojaa, kiwango cha gari na taarifa ya fundi kuhusu breki na chasisi. Karatasi hiyo ingemlinda mkopaji na ingelinda fedha za wanachama, maana gari lililopinduka halirudishi mkopo.

Hadi hapo itakapokuwa hivyo, ulinzi unabaki mikononi mwa mnunuzi mwenyewe. Aende yadi na namba ya uzito mfukoni, atazame chini ya gari kabla ya kutazama ndani, na aulize breki kabla ya kuuliza injini. Gari litakalojibu vizuri maswali hayo huenda lisiwe jipya wala zuri kuliko yote pale yadi. Lakini ndilo litakaloshuka Kitonga na mitamba ikiwa bado imesimama kwa miguu yake minne.